Miche Elfu Tano, Mama Mmoja

Mteja akifika kitaluni kwangu hapa Kikwe, chini ya Mlima Meru, huangalia mambo mawili: miche ina urefu gani na bei yake. Akiwa mtu wa mradi huongeza la tatu: itafika mingapi kabla ya tarehe 1 Aprili, Siku ya Kupanda Miti. Mbegu zimevunwa wapi, na kwenye miti mingapi, haulizi. Nami hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Chukua mringaringa, maana ndio unaotafutwa sana. Ni mti wa kwetu, maua yake meupe yanavuta nyuki, na mbao zake mafundi wa Usa River na Tengeru wanazigombania. Basi hapo ndipo balaa linapoanzia. Msumeno hauanzi na mti mbovu. Ulionyooka, mnene, usio na matawi chini, ndio uliotangulia kuanguka. Iliyobaki kando ya mifereji na kwenye mipaka ya mashamba ni ile iliyopinda, au iliyogawanyika shina ikiwa bado fupi, au iliyoponea uwanja wa kanisa. Hiyo ndiyo tunayoivunia mbegu. Tunapanda watoto wa miti ambayo fundi aliikataa, halafu tunalalamika kwamba mringaringa wa siku hizi hautoi mbao.

Kanuni ya wavuna mbegu inajulikana: tafuta miti mama isiyopungua 30, iliyoachana kwa mita 50 au 100, changanya mbegu zake kwa vipimo sawa. Kwa huku kwetu, ukitoka Kikwe kuelekea Mbuguni, kuipata miti mikubwa 30 iliyoachana namna hiyo ni shughuli, na kila mmoja una mwenyewe wa kuombwa. Kijana anayeniletea mbegu hana muda huo. Anaparamia mti mmoja ulio karibu na barabara, uliozaa mpaka matawi yameinama, anajaza kiroba, anapanda bodaboda. Kiroba kizima ni ndugu wa tumbo moja.

Na baba yao? Mti uliobaki peke yake katikati ya nyanya na vitunguu unapata wapi chavua? Wengi hunijibu kwamba nyuki huruka mbali. Huruka, sikatai. Lakini akikuta mti umefunikwa maua hana sababu ya kuhangaika. Anatoka ua hili anaingia lile, mti uleule. Na nyuki wenyewe, kwa dawa tunazopiga kwenye nyanya, sijui tunategemea waishi vipi.

Kabla ya kusia huwa napasua kokwa chache. Kokwa ya mringaringa ni ngumu. Ukiigonga kwa hasira unasaga kiini. Ndani nataka kuona kiini kilichojaa, cheupe, chenye unyevu. Za ule mti mpweke nyingi ni tupu, au kiini kimesinyaa kimebaki kama ngozi. Zinazofaa huota kwa mafungu, leo mbili, wiki ijayo tano, na katikati yao hujitokeza miche myeupe pe, isiyo na chembe ya kijani. Husimama siku chache kwa chakula kilichokuwa kwenye mbegu, kisha hulala chini. Kasoro ya namna hiyo hujificha ndani ya vinasaba na kujitokeza pale inaporithiwa kwa mama na kwa baba, jambo lililo rahisi ndugu wakizaana. Wapo watakaosema ni kinyausi. Kinyausi nakijua: hukata mche shingoni, pale shina linapogusa udongo. Huu mweupe unakufa shingo ikiwa nzima.

Mingine hudumaa kwenye viriba. Udongo mmoja, samadi moja, maji ya ndoo moja, lakini huu umefika magotini na wa pembeni yake haujaongeza jani. Mgeni akija haoni lolote kati ya haya, kwa sababu tumeshang'oa na kutupa. Kitalu kinachopendeza kwenye picha ni kitalu kilichochujwa.

Watu wakisikia mimea ya pekee ya Mlima Meru hutazama juu, kwenye Dendrosenecio meruensis, unaoota kwenye mlima huu tu. Ule una walinzi. Uko ndani ya hifadhi ya taifa. Mimi natazama huku chini, kwenye vipande vilivyokatika. Pale Ziwa Duluti kuna msitu mdogo unaolizunguka ziwa, nao umezungukwa na mashamba na nyumba. Mti wa mle ukizaa, nani atatoa mbegu nje? Hondohondo atavuka. Mnyama wa msituni hawezi kupita kwenye nyua za watu mpaka Ngurdoto.

Usambara Mashariki jambo hili limepimwa. Watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichunguza Leptonychia usambarensis, mti wa milima ya huko ambao mbegu zake husambazwa na ndege wa msituni. Mwaka 2003 walieleza kwamba kwenye vipande vya msitu vilivyotengwa na mashamba ya chai, ndege hao wamepungua, mbegu nyingi zinabaki chini ya mama yake, na miche inayoinukia mbali ni michache. Msitu unaonekana upo. Uzazi wake ndio uliokatika. Kilwa ni kubaya zaidi: Karomia gigas imebaki miti michache mno, na ukikusanya matunda yake kwa maelfu unaambulia mbegu hai za kuhesabu, kwa sababu ya ukungu na kokwa tupu. Huko hata ukitaka mama 30, hawapo.

Sisi mringaringa bado tunao, ila ni kazi ya miguu. Ukitaka kuvuna mbegu kwenye msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ndani ya hifadhi ya taifa usithubutu. Wala si kuokota popote na kuchanganya: mbegu ya juu kwenye ukungu na mvua, ukiileta kwenye jua la Kikwe, inaweza kukuaibisha. Kwa hiyo nafuata mifereji na mito ya ukanda huu huu, mti kwa mti, kila mmoja na mfuko wake na namba yake, na kuchanganya ni mwishoni.

Gharama inapanda, na hapo ndipo ninapoachana na wateja. Mwaka huu mradi mmoja ulileta oda ya miche elfu tano mwezi Februari, ipandwe Aprili. Nikamwambia kijana wao kwamba mringaringa wenyewe unaweza kukaa miezi miwili ardhini bila kuchomoza, na kwamba mbegu za mama wengi zinaagizwa mwaka mmoja kabla. Akanionyesha fomu: aina ya mti, idadi, urefu, tarehe.

"Mzee wangu, hapa hakuna sehemu ya kuandika mama."

Akaenda kununua kwa jirani.