Kipuri Kilichofichika

Katika umri wangu wa kazi, ambao sehemu yake kubwa nimeitumia chini ya matumbo ya magari hapa Manyoni, hapana kazi iliyonifunza hadhari kuliko ile ya kuondoa injini iliyochakaa katika gari kuukuu na kuweka nyingine mahali pake. Manyoni ni mji wa njia: reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 katika zama za Wajerumani, hupita hapa, barabara itokayo Dodoma huendelea hadi Singida, na tawi lake huelekea Itigi, ambako njia ya Rungwa huchepuka kwenda kusini, ikipita katika mapori ambamo dereva aliyeharibikiwa aweza kukaa kutwa nzima asisikie mlio wa gari jingine. Kwa hiyo fundi wa mji huu, akitaka kulala usingizi wa amani, hana budi kulifunga gari kwa nia ya kwamba hapana fundi mwingine atakayeligusa hata lirudi salama.

Niliingia katika kazi hii nikiwa kijana, chini ya mzee mmoja aliyenipokea kama mwanawe, katika miaka ya dhiki ya vipuri, kabla serikali haijawaruhusu watu, mwaka 1984, kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Tulikata gasketi kwa mkasi katika karatasi ngumu, tukachonga bushi kwa mpira wa tairi, na kila kilichochakaa kilitazamwa kwa makini kabla ya kuhukumiwa, kwa sababu badala yake haikujulikana itapatikana lini. Siku hizi maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, yamejaa vipuri vya kila namna, asili na bandia vikikaa rafu moja. Lakini jicho lile tulilopewa na dhiki bado ni rasilimali yangu kubwa.

Nitasimulia kazi moja ili maneno yangu yapate ushahidi. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa asali, alikuwa na Toyota Land Cruiser ya namna ya 60, yenye injini ya petroli ya 2F, silinda sita, lita 4.2, ambayo ilikuwa imechoka, ikinywa mafuta na kutoa moshi wa buluu. Akanunua injini ya dizeli ya 1HZ, nayo ya silinda sita na lita 4.2, pamoja na gia boksi yake, akaniletea akisema, "Fundi, kila kitu ninacho, kazi yako ni kufunga tu." Nikamwomba kwanza tutafute kilichoiua ile ya zamani. Tulipoondoa mpira uletao hewa kutoka kwenye chujio, tukakuta umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana, na ndani yake limeganda vumbi jekundu. Miaka na miaka vumbi la kiangazi lilikuwa likipita nyuma ya chujio, likisaga ringi na kuta za silinda. Na kuifunga injini nyingine kwa mpira uleule kungekuwa kuiandalia mauti yaleyale.

Tulipotenganisha injini ile mpya kwake na gia boksi, nikamwonyesha sili ya nyuma ya krenkishafti. "Mbona haijavuja, mwanangu?" akaniuliza. "Ya nini kutupa fedha?" Nikamjibu, "Kweli, Mzee wangu, haijavuja; lakini imekauka, na leo iko wazi mbele ya macho yetu. Ikianza kuvuja baada ya kufungwa, itatubidi tuishushe gia boksi nzima ili tuifikie, na klachi mpya itakuwa imekwisha lowa oili." Akanyamaza kidogo, kisha akakubali. Nikaitoa ile kuukuu, nikapitisha ukucha juu ya chuma pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua, nikahisi mfuo mwembamba. Basi sili mpya nikaipaka oili, nikaigonga taratibu kwa kipande cha mbao, nikaiacha isizame sana kama ya kwanza, ili mdomo wake ukute chuma kizima.

Kadhalika mkanda wa taimingi. Mwenye gari alikuwa amezoea injini ya 2F, ambayo kemshafti yake huzungushwa kwa gia, wala hakujua kwamba 1HZ hutegemea mkanda unaopasa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwamba ukikatika, vali hugongana na pistoni. Kwa kuwa umri wa mkanda ule haukujulikana, niliuhesabu kuwa umekwisha. Breki nazo zilitaka fikira: injini ya petroli huzipa mvuto kutokana na pumzi yake yenyewe, ilhali dizeli huhitaji pampu ya vakyumu, na mpira wa pampu ile ulikuwa mgumu, wenye nyufa. Gari litakaloshuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi, limejaa madumu ya asali, haliwezi kutegemea mpira wa namna hiyo. Mauntingi zilizolegea kwa oili, beringi ya klachi, na mipira ya rejeta vyote vikapata badala. Na mwisho nikamhimiza mwenyewe aende Mamlaka ya Mapato, namba ya injini katika kadi ya gari ibadilishwe.

Vijana walio chini yangu huwaambia kwamba bei ya kipuri iliyoandikwa dukani ni nusu ya bei yake. Nusu ya pili ni kazi ya kukifikia, na kadiri kilivyofichika ndivyo nusu hiyo inavyokuwa kubwa. Sili ya fedha kidogo iliyofichwa na gia boksi ni ghali kuliko taa kubwa ya mbele, ambayo mtoto aweza kuibadilisha kwa bisibisi. Tena huwaamuru wasitupe kitu kabla mwenye gari hajakishika kwa mkono wake na kuelezwa ila yake, kwa sababu fedha ni zake na maisha yatakayosafiri ni yake. Fundi amepewa amana ya kuona mahali ambapo mwenye mali hawezi kuona, na amana hiyo huitimiza kabla ya kukaza bolti ya mwisho.