Moto wa Warina Asali

Raha zina mafungu mengi, na si zote zinazonunuliwa. Ziko raha za mfuko mnene, na ziko raha za kuni tatu na blanketi moja. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha Kiswahili na ambaye hushinda katikati ya madaftari ya wanafunzi, nimezionja zote mbili kwa kiasi, na nataka kumsimulia msomaji usiku mmoja nilipojaribu kuzikutanisha.

Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati upepo wa nyanda za kati unapokata masikio. Nilitoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, kisha nikapanda basi kupitia Manyoni mpaka Itigi, katika Mkoa wa Singida. Huko kaka yangu hufuga nyuki. Ukiiacha Itigi na kushika njia ya kusini, hupita kwanza katika vichaka vilivyosongamana hata mbuzi hufikiri kabla ya kuingia. Mbele yake miti huachana na kurefuka, ukawa umefika katika miyombo. Hapo ndipo ilipo mizinga yake, mingine ya mbao, mingine ya magome kama ya wazee wetu, na hapo ndipo hupiga kambi wakati wa kurina.

Mkobani mwangu, baina ya mashati mawili, mlikuwamo chupa moja ya wiski ya Uskoti. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mitano. Nilikuwa nimeinunua kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu, na njia nzima nilijiona nimeketi na kaka yangu mbele ya moto, vikombe mkononi, kama tulivyokaa zamani kabla masomo hayajanichukua.

Mwalimu wa lugha hana dawa. Hata katika chupa hutafuta neno. Waskoti na Waayalandi hubishana juu ya herufi moja katika kuliandika jina la kinywaji hiki. Kiswahili kimewapatanisha kwa kuandika wiski, kikaendelea na safari yake. Asili ya jina ni maneno ya Kigaeli yenye maana ya maji ya uhai. Hesabu za mfalme wa Uskoti za mwaka 1494 zinataja kimea alichopewa mtawa John Cor atengeneze maji hayo, na sheria ya huko leo haikubali kitu kuitwa wiski ya Uskoti kabla hakijalala katika pipa la mwaloni miaka 3 kamili. Katika usingizi huo kiasi cha sehemu 2 kwa 100 huvukia kila mwaka, na wenyewe husema ni fungu la malaika. Nilikuwa nimeyapanga maneno haya yote nikamsimulie kaka.

Nilifika jioni. Giza lilipoingia tukaenda mizingani na vijana wake wawili, maana usiku nyuki hupungua ukali. Sikufanya kazi ya maana. Nilishika ndoo, nikaumwa mara tatu, nikachekwa. Kaka alipanda mti kwa kamba na mwenge wa moshi, mwepesi kuliko nilivyomkumbuka. Kila mzinga aliuachia masega kadhaa ya nyuki wenyewe, na pande moja dogo aliliweka juu ya gogo. Nikamwuliza ni la nani. “La ndege aliyetuonyesha,” akajibu.

Tuliporudi kambini moto ulichochewa ukasimama. Tulikula ugali wa mtama kwa kuku aliyechomwa, tukafukua viazi vitamu vilivyofukiwa majivuni, tukavila kwa asali iliyokuwa bado na uvuguvugu wa mzinga. Blanketi mabegani, mgongo umeegemea gunia, nyota zimejaa mbinguni hata hazina nafasi. Sikumbuki hoteli iliyonipa nusu ya hayo. Nikaona saa ya chupa yangu imefika, nikaitoa, nikaiweka kwenye mwanga.

Vijana wakatazama motoni. Kaka aliigeuza chupa mkononi kama mtu anayesoma barua, akanirudishia.

“Mdogo wangu, mimi nimeacha. Huu mwaka wa nne.”

Si wiski iliyokuwa imempata, bali gongo, ambalo watu huliita pia moshi. Hata sheria ya mwaka 1966 iliyolidhibiti ilitumia jina hilo. Aliniambia kwa ufupi. Aliuza asali kabla haijarinwa, akanywa fedha yake. Shemeji aliondoka na watoto, akakaa kwao masika mawili. Nami katika miaka hiyo nilikuwa nikimpigia simu kila sikukuu, nikimwuliza habari za mvua.

“Hukuniambia, kaka,” nikasema.

“Hukuuliza.”

Aliyasema pasipo hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya nyuki. Nikaanza kuificha chupa mkobani. Akanishika mkono. “Usinifanye mtoto. Ndiyo kwanza kinywaji kinakaa karibu nami? Kunywa chako; nami nina changu.” Akavuta sufuria ya chai, akajimiminia, akatia asali kijiko kizima.

Nilikunywa. Nitasema kweli, ingawa kweli hii hainipambi: ilikuwa tamu. Ilikuwa na moshi ndani yake, maana katika baadhi ya viwanda kimea cha shayiri hukaushwa juu ya mboji ya kinamasini inayofuka, na moshi ule ulipokutana na wa kuni zetu sikuweza kuutenga huu na ule. Joto lilishuka kifuani taratibu. Lakini nilikuwa nikinywa peke yangu, na hotuba yangu juu ya mtawa na malaika ilinikauka mdomoni. Kaka ndiye aliyeniokoa. Aliuliza kitu hicho hutengenezwa kwa nini.

“Kwa kimea,” nikasema. “Nafaka hulowekwa ikaota, ikakaushwa, ikasagwa. Pombe yake hukenekwa.”

“Kimea kama cha mama?”

“Kama cha mama, ila cha shayiri.”

Akacheka. Mama alikuwa akianika kimea cha mtama juu ya mkeka nyuma ya nyumba, sisi tukilinda kuku wasikifikie, na kaka ndiye aliyekuwa akilala usingizi kazini na kunitupia mimi lawama. Alikiri pale pale, miaka thelathini na zaidi imepita. Vijana wakacheka naye. Nikafunga kizibo. Kilichobaki chupani nilirudi nacho Dar es Salaam, na mpaka sasa kimo kabatini.

Alinimiminia chai. Upepo ulikuwa umezidi, na vijana walikwisha kujikunja katika mablanketi yao. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili mpaka vidole vikapata uhai, kisha nikamwuliza mwaka ule wa kwanza ulikuwaje. Akasogeza gogo katikati ya makaa, akalitazama likishika moto, akaanza.