Silanga

Nilipokuwa darasa la tano niliandika katika insha kwamba kwetu ni kando ya silanga. Mwalimu alilizungushia neno hilo wino mwekundu, akaandika pembeni: bwawa. Nilinuna siku nzima, maana kijiji chetu katika Kibera kinaitwa Silanga kutokana na bwawa hilohilo, na sikuelewa vipi jina la kwetu lingegeuka kosa.

Lenyewe ni Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka wa 1953 kwa kuuzuia Mto Motoine ili mji upate maji ya kunywa. Mto utokao upande wa pili huitwa Ngong. Marehemu babu alikuwa akinisimulia habari za mashua zenye matanga meupe na za ngege walionaswa kwa ndoana. Mimi nilimsikiliza kama asikilizaye visa vya Abunuwasi, kwani bwawa nililolijua halikuwa na maji ya kuonekana. Lilikuwa uwanda wa gugumaji, kijani kibichi toka ukingo huu hadi ule, na yangeyange wakitembea juu yake pasipo kulowa miguu.

Mtu akiambiwa bwawa limekufa hudhani ukuta umepasuka. La hasha! Hili letu lilijazwa. Maji ya mto yaingiapo bwawani hupunguza mwendo, na yakipunguza mwendo huutua mzigo wa matope yaliyoubeba. Vitongoji visivyochimbiwa mitaro navyo vikaongeza uchafu wake. Gugumaji hunawiri kwa uchafu huo, likaziba mwanga, na hewa iliyomo majini ikapungua. Ngege hawaistahimili hali hiyo. Kambare hudumu zaidi, kwa kuwa huweza kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Pale matope yalipokauka, mama alijikatia kishamba. Alipanda nduma na sukumawiki, akauza kando ya njia, na fedha hizo ndizo zilizonilipia karo ya kidato cha kwanza. Baadaye, nilipoanza kusoma magazeti, nilikuta wavamizi wa bwawa wakilaaniwa, nami nikajua anayelaaniwa ni mama. Hawakuwa wakisema uongo. Kila tuta la nduma lilikuwa limekalia mahali pa maji, na maji yaliyozinywesha nduma hizo yalikuwa yaleyale tuliyokatazwa kuyagusa. Tulizila hata hivyo, tena kwa hamu.

Leo natamani kuliona bwawa la babu: matanga, ngege, bata bukini wakitua jioni. Lakini nikifumba macho na kuyarudisha maji hayo, jambo la kwanza yanalofunika ni kile kishamba.

Likizo iliyopita nilimweleza mama haya yote, kwa maneno mengi ya kisomi. Alinisikiliza hadi mwisho huku akimenya viazi.

"Hayo maji," akauliza, "yatarudi lini? Nduma bado hazijakomaa."