Michoro ya Kolo na Mchezo wa Watoto

Msafiri atokaye Kondoa na kushika barabara kuu iendayo Babati na Arusha hukipita kijiji cha Kolo asijue amepita nini. Nasi tungekipita vivyo hivyo. Nilikuwa katika likizo pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka saba na mdogo wake wa miaka mitano. Lakini mke wangu, ambaye hufundisha chekechea kwetu ng'ambo ya Ziwa, alikuwa amekwisha kuapa kwamba hatavuka Tanzania pasipo kuiona michoro ya miambani.

Pale kijijini mgeni hulipa kiingilio na kupewa kiongozi, kisha hufuata njia mbovu ya gari mpaka chini ya kilima, na kutoka hapo ni miguu na jasho. Eneo zima lina kilometa za mraba 2,336, kwenye mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa, na mapango yenye michoro hayapungui 150. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro ya kale zaidi ni ya rangi nyekundu: pofu, twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Ile nyeupe ni ya zama za baadaye.

Sitaficha kwamba watoto walichoka upesi. Walitazama kwa muda wa kumeza mate, kisha wakaanza kuokota vijiwe. Mimi nilikuwa tayari kukaripia, kwani kupanda kilima kile hakukuwa mzaha. Mke wangu akanizuia. Akawarudisha kivulini, hatua kadhaa mbali na mwamba, maana maji na vidole vya wageni hufifisha rangi hizo. Akawaambia kila mmoja achague mnyama au mtu mmoja aliyemwona, asimame kama yeye, asitikisike mpaka amalize kuhesabu kumi.

Yule mdogo akawa twiga. Mama yake akamwuliza, "Twiga wako anakwenda wapi? Nani yuko nyuma yake?" Hakujua, akarudi mbio kutazama. Akaja, akasimama tena, akagundua hana hakika na miguu, akarudi. Alikwenda mara tatu, mtoto yule yule aliyekuwa amekinai muda mfupi uliopita, kwa sababu pasipo kujua miguu imekaaje mchezo haukuwezekana.

Kisha tukaufikia mchoro mashuhuri wa watu watano. Wa katikati huonekana kuwa mwanamke. Wawili wamemshika upande mmoja, vichwa vyao kama vimevikwa vinyago, na wawili wako upande wa pili. Bibi Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya huku mwaka 1951 na kuitolea kitabu mwaka 1983, aliusoma kuwa ni tukio la kutekwa mtu. Mimi ni askari polisi wa miaka mingi, na nilipoutazama taarifa ilijiandika yenyewe kichwani: wahalifu wawili, mlalamikaji mmoja, waokoaji wawili. Nikaanza kuwaeleza watoto kwa sauti ya kituoni.

"Baba watoto, ngoja kwanza," akasema mke wangu. "Tusimame kama wao."

Tulikuwa watano pamoja na kiongozi, ambaye alikubali kwa kicheko. Binti yangu akawa wa katikati. Mimi na kiongozi tukawa watekaji. Binti alitusahihisha bila huruma: mkono huu juu kidogo, mama ainame zaidi. Tulipokwisha kutulia, mama yake akamwuliza anasikia nini mikononi.

"Baba hanivuti," akajibu. "Ananishika nisianguke."

Nikamwuliza kwa nini aanguke. Akafikiri, akasema, "Labda mtu huyu ni mgonjwa."

Kiongozi aliacha kucheka. Alitueleza kwamba wako wataalamu waliokuja kuusoma mchoro ule kuwa ni ngoma au tambiko la uganga, si utekaji. Na kwamba wenyeji bado huja kwenye mwamba huo huo kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa. Waliochora hawakuacha neno la kutuamulia. Nami, niliyekwisha kuifunga kesi kabla ya kuwasikiliza mashahidi, nilibaki nimemshika mkono mtoto wangu nikiona haya kidogo.

Mke wangu asema huwafanyia hivyo watoto wake wa chekechea kwa picha yoyote: kalenda ya ukutani, kanga, kinyago. Hawaelezi maana kwanza. Huwaacha watazame kimya, waige umbo, kisha huwauliza kilichotokea kabla na kitakachofuata. Na huacha mara waonapo uchovu, kwani mchezo wa kulazimishwa ni adhabu.

Juma lililopita nilirudi nyumbani kutoka zamu ya usiku nikawakuta ukumbini, wanangu na watoto wawili wa jirani, wamejipanga mbele ya picha aliyoichora binti kutoka Kolo. Hawakunisalimu. Niliamriwa nivue kofia na nisimame upande wa kushoto, kwa kuwa mtu wa tano alikuwa bado hajapatikana.