Aljebra Nyumbani: Mfundishe Mtoto Kujaribu Jibu Lake

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa sitaenda mbali. Nazungumzia aljebra ya gredi ya saba.

Binti yangu alikuwa ameanza kusema kwamba yeye "si mtu wa hesabu". Maneno hayo yalinitia hofu kuliko alama zake. Nilipopekua daftari niliona anajua kutoa na kugawanya vizuri. Alichokosa ni njia ya kujua kama jibu ni sahihi kabla mwalimu hajasahihisha. Anaandika, kisha anangoja hukumu.

Sisi waandishi wa programu hatungoji hukumu. Tukimaliza kuandika programu tunaipa nambari tuone itajibu nini, hasa nambari za mpakani, maana makosa hupenda kujificha hapo. Na aljebra ni ndugu yetu: neno lenyewe limetoka kwenye jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9, na jina lake ndilo lililozaa neno algoriti.

Haya, tukaanza. Una shilingi 200. Nauli ni 50, andazi moja ni 20. Utanunua mangapi? Tukaandika 20x + 50 ≤ 200. Toa 50 pande zote: 20x ≤ 150. Gawanya kwa 20: x ≤ 7.5. Nusu andazi haiuzwi, kwa hiyo 7. Sasa jaribu. Maandazi 7 na nauli ni 190, sawa. Maandazi 8 ni 210, konda atakushusha! Jibu limejithibitisha lenyewe.

Kisha tukafika penye mtego: 10 − 2x > 4. Alitoa 10 akapata −2x > −6, akagawanya kwa −2, akaandika x > 3. Sikumwambia amekosea. Nilimwambia, "Mama, jaribu 4." 10 − 8 ni 2, na 2 haizidi 4. Akajaribu 2: 10 − 4 ni 6. Kweli! Akanyamaza, kisha akageuza alama mwenyewe: x < 3.

"Lakini Baba, mbona inageuka?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja. Nikachora mstari wa nambari. 2 ni ndogo kuliko 5, lakini −2 ni kubwa kuliko −5: mwenye deni la shilingi 2 ana nafuu kuliko mwenye deni la 5. Ukizidisha au kugawanya kwa nambari hasi, mstari mzima unageuka kama kwenye kioo, na alama lazima igeuke nao.

Siku hizi chini ya kila jibu anaandika "jaribio". Bado anakosea, lakini mengi anayakamata mwenyewe, na yale maneno ya "si mtu wa hesabu" sijayasikia tena.

Mzazi, si lazima ukumbuke aljebra yote. Muulize tu, "Umejaribu?" Je, kwenu mnafanyaje? Niandikieni.