Kufuli la simu: kwa nini wahami wengi hawalitaki

Goma. Kwenye vibanda vya kuchaji, pembeni ya barabara na karibu na masoko, simu zinalala nyingi juu ya ubao mmoja. Kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Yeye analipa franka chache, anaenda kutafuta maji au kazi ya siku, anarudi jioni. Muda wote huo simu iko wazi, bila kode. Mtu akiigusa tu, anaona picha, namba za ndugu na ujumbe wa pesa iliyoingia.

Wenye simu wakiulizwa sababu, majibu hayachelewi. Mtoto anaitumia kucheza. Jirani anaomba kupiga. Macho ya mama hayaoni vizuri herufi ndogo. Na hili linasemwa na wengi: "Nikisahau kode, nani atanifungulia?" Hakuna ujinga katika majibu hayo. Mtu aliyekwisha kupoteza nyumba, shamba na mifugo anaogopa zaidi kufungiwa nje ya kitu kidogo alichobaki nacho kuliko kuibiwa na mtu asiyemuona.

Na kitu hicho si kidogo. Tangu mji wa Goma ulipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, benki zilifunga milango na pesa ikabaki kutembea zaidi kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Mwezi uliofuata kambi za wahami kandokando ya mji zilivunjwa, familia zikatawanyika, wengine Masisi, wengine Rutshuru, wengine kwa ndugu mjini. Hema halipo tena, ila namba ya simu ipo. Kwa mama anayetafuta mtoto wake aliyepotea njiani, namba ile ndiyo anwani yake.

Kuirudisha ikipotea ni kazi. Katika nchi yetu kadi ya mpigakura ndiyo watu wengi wanaitumia kama kitambulisho. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita, na wakaaji wengi wa huko hawakuwahi kuandikishwa wala kupata kadi mpya. Mhami asiye na kadi anaweza kusimama mbele ya dirisha la kampuni ya simu mpaka jua linazama.

Basi kwa nini matangazo ya kuonya hayashiki? Kwa sababu yanatisha watu ambao hofu yao imekwisha kujaa. "Jihadharini na wezi wa mitandao" ni maneno yanayopita juu ya kichwa cha mtu aliyelala akisikia risasi. Na mara nyingi kosa linawekewa mtumiaji, kana kwamba chombo hakina kosa. Mwaka 1999, huko Marekani, watafiti wawili, Alma Whitten na Doug Tygar, waliwapa watu 12 programu ya kuficha barua za kompyuta iitwayo PGP. Waliwapa dakika 90. Ni theluthi moja tu waliofaulu kufunga barua sawasawa, na wengine walituma siri yenyewe ikiwa wazi. Watu wale walikuwa wamezoea barua pepe. Tatizo lilikuwa programu yenyewe.

Miaka 17 baadaye, Aprili 2016, WhatsApp ilifunga mazungumzo ya watumiaji wake wote kusudi mtu wa katikati asiyasome. Haikuwaomba wajifunze kitu chochote. Mama muuza ndizi wa Birere alilindwa siku ileile na waziri. Ulinzi wa namna hiyo ndio watu wanaupenda: unafanya kazi, haumsumbui mtu.

Lakini mlango mmoja unabaki mikononi mwa mwenye simu. Mwizi anapiga, anajifanya mtu wa shirika la msaada: "Mama, tunakuandika kwenye liste. Nisomee zile tarakimu sita zilizoingia sasa hivi." Mama anasoma. Tarakimu zile ni kode ya kuhamisha WhatsApp yake kwenye simu nyingine, na kabla ya usiku shangazi aliye Kampala au kaka aliye Ulaya anaombwa pesa ya hospitali kwa jina lake. Dawa ipo ndani ya programu yenyewe: kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, mtu anaweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani kode yake ya pili ya tarakimu sita. Hapo mwizi akipata ile ya kwanza, bado amekwama.

Mtu akiambiwa "weka kode ngumu", ataweka mwaka wa kuzaliwa, ambao watoto wote wa parsele wanaujua. Inafaa kumuuliza jambo analolipenda. Mbuzi aliowaacha Kitshanga walikuwa wangapi? Siku gani ya mwezi alivuna maharagwe mara ya mwisho? Hesabu hizo hazisahauliki, na mjini hakuna anayezijua. Mzee anayeweka kode ya namna hiyo anaiweka akicheka, na hairudi kuifuta kesho yake.

Mafundi watasema kode haiandikwi kwenye karatasi. Si wote: Bruce Schneier, mtaalamu wa Marekani, aliwashauri watu tangu 2005 waandike maneno yao ya siri na kuyatunza pamoja na pesa. Mama anayeshona noti ndani ya kitambaa cha kiunoni anajua mahali pa kutunzia kikaratasi. Juu yake aandike pia namba za ndugu watatu, na zile tarakimu 15 zinazotokea akibonyeza *#06#, ambazo ni alama ya simu yenyewe ikiibiwa.

Kuhusu kode ya pesa, ugumu uko kwa wakala. Mteja asiyesoma Kifaransa anampa simu na kumtajia kode kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Wakala mwema anaweza kumwambia: "Mama, mimi nitakusomea menyu kwa Kiswahili, wewe utabonyeza." Inachukua dakika moja zaidi. Mawakala wengine wanaoketi sokoni wameanza kugeuza kiti cha mteja kiangalie ukuta, na wateja wanarudi kwao.