Ufunguo wa Stoo

Katika chuo chetu cha ufundi hapa Kakuma, darasa la umeme lina vijana wa Sudan Kusini, Wasomali, Warundi, Wakongo kama mimi, na Waturkana wenyewe wenye ardhi. Mimi nafanya kazi na vijana. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba najenga uhusiano mwema. Kwa maneno ya kawaida, watu wakikosana juu ya maltimita, ile mita ya kupimia umeme, naitwa mimi.

Maltimita ziko nne, wanafunzi karibu thelathini. Anayefika kwanza anachukua, halafu anaita wa lugha yake, kwa sababu kumwambia mtu "shika hapa" kwa Kidinka ni rahisi kuliko kutafuta neno la Kiswahili. Hapo hakuna chuki bado. Lakini mtu akikaa wiki tatu mikono mitupu ataona ni chuki tu, na siwezi kumlaumu.

Siku za michezo tumefanya. Soda tumekunywa pamoja chini ya bango la amani, wageni wakapiga picha. Mimi mwenyewe napenda mechi, lakini Jumatatu ikifika maltimita bado ni nne.

Kilichosaidia ni daftari. Stoo ya vifaa ina ufunguo mmoja, na ufunguo ulikaa kwa kijana mmoja mwaka mzima. Kijana mzuri tu, ila kila akimnyima mtu kifaa, ilikuwa kama kabila lake lote limenyima. Tukakaa na mwalimu na wawakilishi wa darasa. Sasa ufunguo unazunguka kila wiki, unashikwa na wawili ambao nyumbani hawaongei lugha moja. Wanaandika nani amechukua nini na amerudisha saa ngapi. Lazima waongee, na Kiswahili cha Bukavu na cha Lodwar vikikutana kuna kucheka kweli kweli. Semina zangu hazijawahi kuchekesha mtu.

Tena kulikuwa na mambo ya ratiba. Kundi moja la vitendo lilipangiwa Ijumaa mchana, saa ya swala. Lingine Jumamosi, na humo kuna Wasabato. Kila upande uliamini chuo kinapendelea wenzao. Dada mmoja Msomali akasimama darasani akasema, "Basi wao wachukue Ijumaa yetu, sisi tuchukue Jumamosi yao." Ikaisha hapo hapo.

Lakini kuna kitu ambacho daftari haliwezi. Siku moja Mturkana mmoja alisema, "Ninyi mna mgao wa chakula, mko kwenye ardhi yetu. Kwetu mbuzi walikufa na ukame, nani alitupimia unga?" Mkongo akamjibu, "Mgao wenyewe umepunguzwa. Na wewe ukimaliza kusoma unapanda gari kwenda Lodwar, hakuna anayekuuliza. Mimi lazima niombe kibali cha kutoka kambini."

Wote wawili walisema ukweli. Mwalimu aliniangalia ati niwanyamazishe. Sikuwanyamazisha. Kambi hii ipo tangu 1992, na Kalobeyei ilifunguliwa 2016 ili wakimbizi na wenyeji watumie shule na soko pamoja, lakini maneno kama hayo husemwa usiku, kila mtu kwa watu wake. Mchana, uso kwa uso, ni mara chache. Waliongea mpaka kengele ya chakula. Hawakupeana mikono.

Baada ya muda nikasikia wanafanya kazi pamoja ya kufunga taa za sola. Mturkana anakwenda Lodwar kununua nyaya na balbu, kwa kuwa njia iko wazi kwake. Mkongo anatafuta wateja kwenye maduka ya kambini, anawajua. Faida wanagawa nusu kwa nusu. Wiki iliyopita waligombana juu ya nauli, nani ailipe. Walikuja kwangu wote wawili, wamebeba daftari lao.